Ombi la Kuanzisha Mchezo Mpya Kamalondo

Kwenu wakubwa wa mji wa Lubumbashi na wa jimbo mnaoshika funguo za viwanja,

Tunaanza na shukrani. Kila tarehe 3 Disemba mnawakumbuka watu wenye ulemavu: wanavalishwa tisheti zenye maandishi, wanapigwa picha na mpira mapajani, hotuba inasomwa, kisha geti linafungwa mpaka mwaka ujao. Hatulalamiki. Tunaomba tu utaratibu huu uboreshwe, maana yanayowapata siku nyingine zote ni mchezo kamili uliokosa refa.

Ombi letu kubwa ni kwamba kuingia uwanjani kwenyewe kutambuliwe rasmi kuwa mchezo. Mchezaji aanzie nyumbani, juu ya kinga yake, baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Kwanza avuke mtaro ambao ubao wake ulichukuliwa na mvua. Akivuka bila kuanguka apewe pointi, na akiwa amevaa nguo nyeupe aongezewe mbili. Pili, apenye katikati ya meza za wachuuzi. Tatu, akutane na polisi wa getini, atakayemwuliza anaomba nini, kwa kuwa mtu wa kinga hawezi kuwa amekuja kucheza. Akijibu kwa hasira, apunguziwe. Nne, apande ngazi za simenti kwa makalio, huku mwamuzi ameshika saa nanyi mnapiga makofi kutoka kwenye viti vya kivulini. Fainali iwe choo, chenye mlango mwembamba kuliko kinga yake. Mshindi azawadiwe haki ya kutazama kipindi cha pili. Mkipata nafasi, tunaomba pia viti vyenu vya heshima vihamishiwe ngazi ya juu kabisa, kwa mwaka mmoja tu, na hotuba za Disemba zifasiriwe kwa lugha ya alama, hata kama hazina kitu ndani.

Mtasema pesa hakuna. Mji huu ulipeleka timu yake, TP Mazembe, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi mwaka 2010, na mwaka uliofuata uwanja mpya wa Mazembe ukafunguliwa hapa hapa Kamalondo. Lubumbashi ikitaka kitu, kinasimama. Njia ya mteremko ni simenti na mchanga, na katika jimbo linalouzia dunia shaba na kobalti, kutuambia mifuko ya simenti imekosekana ni kututukana. Mtasema walemavu hawaji. Nani aje kupigana na ngazi? Mtasema miili yao haina nguvu. Waulizeni waliofika Goma, kwenye mpaka wa Gisenyi, wakawaona wafanyabiashara walemavu wakivusha mizigo mizito kwa vigari vyao, kisha mrudi mtueleze habari za udhaifu. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia Paralimpiki mara ya kwanza London mwaka 2012, na waliokwenda walikwenda kushindana. Hoja yenu moja tu ina uzito: hata watoto wasio na ulemavu hawana pa kuchezea. Ni kweli. Lakini uwanja wa mtaa uliosawazishwa hadi kiti cha magurudumu kipite, mtoto wa mpira wa miguu naye atauchezea, tena kwa furaha.

Isitoshe, hatuwaombi hisani. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja michezo waziwazi. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nzima kwa ajili yao. Karatasi zote hizo, na mtu bado anapanda kwa makalio! Huku si kusahau. Ni dharau, nanyi mnajua.

Mtuwie radhi, tumepaza sauti. Ikiwa mchezo wetu mpya utawachosha kuandaa, tutaridhika na kidogo: Jumamosi moja kila wiki, geti wazi, mteremko mmoja, na mwalimu anayelipwa. Tarehe 3 Disemba ijayo, tisheti zibaki ofisini.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Kamalondo