Kapu la Mayai ya Rangi

Nyumbani kwetu Mwansabombwe, Zambia, mvutano wa mayai uliletwa na picha ya simu. Binti yetu aliona kapu lenye mayai ya bluu, ya kijani, meupe na ya rangi ya chokoleti, yote ya kuku, akasema naye anataka kapu kama hilo. Baba yake hawezi kumkatalia mtoto huyo jambo. Akamwahidi kwamba kabla ya sherehe ya Mutomboko litakuwa limejaa. Mama mkwe, ambaye alikuwa mfugaji hodari kabla mimi sijaolewa kutoka Kasanga, alisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza: "Mukwai, hao kuku wa rangi, wanaishi?"

Hakuna aliyemjibu. Sisi akili zetu zilikuwa kwenye rangi, na kwa wiki nzima chakula cha jioni kililiwa juu ya hoja ya kuku gani wanunuliwe.

Mume wangu alikwenda Nchelenge kwa shughuli zake, akapitia soko la Kashikishi, mahali ambapo Kibemba na Kiswahili cha ng'ambo ya Ziwa Mweru huuziana samaki kutwa nzima. Huko akakutana na mama mmoja mwenye tenga la kuku. Alipomwuliza habari za mayai ya bluu, mama yule hakusita. "Yaya, hii kuku inatagaka mayai ya bluu, mi nakuambia kweli," akasema, na akatoa yai moja kama ushahidi. Kweli lilikuwa la bluu, lenye ukijani wa mbali. Mtetea mmoja na jogoo wake wakasafiri hadi kwetu wamefungwa miguu, na yai likasafiri ndani ya kofia ya mume wangu.

Mama mkwe alilipokea yai lile kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalisugua kwa kidole gumba. Ganda lilikuwa nene na lenye utelezi wa nta. "Hili ni la bata, mwanangu," akamwambia mume wangu kwa upole, kisha akaingia jikoni asimwaibishe zaidi. Binti alisubiri hata hivyo. Mtetea alipotaga, yai lilikuwa la rangi ya krimu, yai jema la kienyeji lisilo na kasoro, na mtoto akalilia.

Nilimweleza ninachokijua, kwa sababu kilio chake kilistahili jibu la kweli. Kuku hutumia saa 24 hadi 26 kulitengeneza yai moja, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za ganda. Ganda la kahawia huanza jeupe. Rangi ya kahawia hupakwa juu katika saa za mwisho, ndiyo maana ukilivunja yai la kahawia unaukuta weupe kwa ndani. Bluu ni habari nyingine, kwani hupenya ganda zima, ndani na nje. Yai la kijani ni la bluu lililopakwa kahawia juu yake. Asili ya bluu hiyo ni ya ajabu: virusi vya kale vilijipachika ndani ya vinasaba vya kuku, vikabaki humo vikirithiwa. Wanasayansi walilithibitisha jambo hilo mwaka 2013, wakaona pia kwamba lilitokea mara mbili tofauti, kwa kuku wa Chile waitwao Araucana na kwa kuku wa China. Jogoo naye huweza kuirithisha bluu bila dalili yoyote mwilini mwake, na muuzaji wa soko la mbali anaweza kumsifu jogoo wake vyovyote apendavyo.

Wengine hutazama ndewe ya sikio la kuku. Mara nyingi ndewe nyeupe huenda na yai jeupe, na nyekundu huenda na la kahawia. Lakini Araucana ana ndewe nyekundu na bado hutaga bluu, kwa hiyo sikio peke yake si dhamana.

Baada ya hapo binti mwenyewe ndiye aliyetoa wazo, na nilimpenda zaidi kwa wazo hilo: kapu lijazwe kwa ndege wanaopatikana. Krimu ilikuwepo tayari. Kwa kahawia tulinunua kuku wa kisasa wa mayai waliokwisha msimu wao kwa mfugaji jirani. Shangazi wa watoto, wanayemwita mayosenge, akaleta kanga wawili, ambao mayai yao ni madogo, magumu, yenye ncha na vidoa. Bata wakaja mwisho, na bluu ikapatikana, ya bata na iwe.

Ndipo nyumba ikaanza kunuka samaki. Kando ya Mweru samaki wadogo waitwao chisense hawakosekani, na mume wangu alikuwa amesikia kwamba protini huongeza mayai, basi akawa anawamwagia wakavu kwa ukarimu. Mayai ya krimu yalibaki salama. Ya kahawia, ukiyakaanga, watoto walitoka mezani. Sababu inajulikana: baadhi ya koo za kuku wa mayai ya kahawia zimerithi upungufu wa kuivunja kemikali fulani itokanayo na chakula kama samaki, nayo huishia kwenye kiini. Chisense wakapunguzwa, majani na mahindi yakaongezwa, harufu ikaondoka.

Wifi yangu, aliyekuja kutoka Lusaka, alishikilia kwamba la kahawia lina nguvu kuliko jeupe. Mama mkwe alivunja yai la kahawia na la krimu katika bakuli moja, akamwonyesha. Rangi ya ganda haiongezi wala kupunguza lishe. Kinachobadilika ni kiini, na kiini hufuata chakula. Kuku wa mahindi meupe peke yake hutoa kiini kilichofifia, na anayezurura kwenye majani hutoa cha manjano iliyokolea. Mahindi ya rangi ya chungwa yenye vitamini A, ambayo Zambia iliidhinisha mbegu zake mwaka 2012, hukikoleza pia. Mimi nasema anayetaka rangi yenye faida aitafute humo.

Kisha mtoto akataka vifaranga wa kila rangi. Alichagua mayai ya kuku, ya kanga na ya bata, akayaweka chini ya kuku mmoja aliyekuwa akiatamia, na sisi tuliona pambo tu. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya kanga kwa siku 26 hadi 28, ya bata kwa 28. Siku ilipofika, mama alitoka na wanawe wa kuku, akayaacha mengine yakipoa. Yote yakawa viza. Binti aliyazika nyuma ya choo, akamwomba bibi yake amfundishe kuhesabu siku.

Julai ikaingia, na Mwansabombwe ikajaa wageni wa Mutomboko ya chifu wetu, Mwata Kazembe. Mjomba wa mume wangu alifika jioni bila taarifa. Mgeni wa hadhi ile hapewi mboga za majani, na kuku aliyekuwa karibu na mlango ni yule mtetea wa Kashikishi. Mjomba alipewa firigisi, akashukuru sana. Mtoto alikula ugali mtupu, na hakuna mkubwa aliyemkemea.

Lililobaki ni gumu kwangu kulisimulia. Katika miezi ya joto kabla ya mvua, kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku, kilipita mtaani. Kuku walianza kuharisha kijani, wakahema kwa taabu, wengine wakapinda shingo. Wa kahawia waliisha, na wa krimu wakafuata karibu wote. Bata walibaki wakitembea uwanjani kama kawaida, kwa kuwa wanaweza kubeba virusi hivyo bila kuugua. Nililikumbuka swali la mama mkwe, na yeye hakulirudia hata mara moja.

Kideri kilitambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza, na mpaka leo hakina dawa. Kina chanjo. Ile iitwayo I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji visivyo na friji: ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu au minne, na huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko walio katika boma moja, hivyo majirani wachangiane na wachanje siku moja. Ewe unayepanga kununua kuku wa rangi mwaka huu, wa Kashikishi au wa kwingine kokote, muulize kwanza afisa mifugo wako tarehe ya chanjo, na kuku wawe wamechanjwa kabla joto halijaanza.