Karani wa Kinyesi

Jirani, niongezee maharage halafu nikueleze. Nimepata kazi. Usinipongeze.

Kuna kituo hapa hapa chini ya Mlima Meru, jina nalimeza maana mshahara bado sijaushika. Wanatunza komba. Ndiyo, komba, huyu anayelia usiku kwenye migunga kwa sauti ya kichanga mpaka bibi anafunga dirisha. Wengine mti ulikatwa mama akafa. Wengine watoto walikuwa wanawauza barabarani. Mimi nilivyosikia "kutunza wanyama" nikajua ng'ombe. Nikaenda na fimbo. Wakacheka, wakaichukua fimbo, wakanipa glavu, barakoa na mizani ya jikoni.

Mizani, aisee! Komba mdogo ana gramu 200 hivi, robo ya sukari inamzidi, lakini lazima apimwe. Na chakula chake kipimwe. Ndizi kidogo, papai kidogo, panzi wazima, na gundi ya mgunga. Gundi! Mimi gundi naijua ya bahasha. Yeye anaikwangua kwenye gome kwa meno ya chini, na meno hayo hayo ndiyo kitana chake, akishiba anachania manyoya. Kitana mdomoni. Mimi hata cha mfukoni sina.

Tabu hasa ni mikono yake. Huyu mnyama anajikojolea viganjani, kwa makusudi kabisa, anapaka na nyayo, ndipo anaanza safari. Wengine wanasema ni ili ashike matawi vizuri, wengine wanasema anaacha harufu yake, wasomi bado wanabishana. Wabishane tu. Njia yenyewe inapita shingoni kwangu. Nikipanda Hiace ya mjini, konda ananipa siti ya nyuma nzima, nauli ile ile.

Mtafiti ni binti wa chuo, rika la mwanangu wa pili. Shikamoo ananipa yeye, amri ananipa yeye. Namwita madam. Madam anasema komba ana ndugu wenye hadhi, lemuri, kwao Madagaska. Huko Marekani, mjini Durham, Chuo Kikuu cha Duke kina kituo chao tangu 1966. Kuna kalemuri kanalala miezi mfululizo, kanaishi kwa mafuta ya mkia wake, na watu wazima wenye digrii wanalipwa kukaangalia kakilala. Mimi nikisinzia kidogo tu naandikiwa barua. Na kwa lemuri wengi jike ndilo linalotawala. Likishiba, ndipo dume nalo linasogea kwenye matunda. Nikamwambia madam, hilo halihitaji nauli ya Marekani, njoo kwangu saa ya ugali. Hakucheka. Aliandika kwenye daftari.

Sasa kazi ya usiku. Mchana komba wa porini wamelala kwenye mashimo ya miti, kwa hiyo giza likiingia ndipo tunawafuata, kandokando ya mto Nduruma. Taa ya kichwani nyekundu, nyeupe inawasumbua macho. Rekoda mkononi, maana komba wanatofautishwa kwa sauti kuliko sura. Yule wa Rondo, kule Lindi, gramu kama 60 tu, kapewa jina la kisayansi mwaka 1997, na mlio wake una sehemu kubwa katika kumtambua. Mimi milio yote nasikia kichanga. Madam ananong'ona, "Baba, umesikia? Huyo mwingine kabisa." Naitikia kwa kichwa. Ninachokielewa ni kimoja. Komba akidondosha, naokota kwa kibano, natia kichupani, naandika tarehe na saa. Wanatafuta minyoo humo. Na homoni, sijui ni minyoo gani hiyo.

Haya. Maji ya mfereji kwetu unayajua, ni ya zamu, na zamu nyingine inakuangukia usiku wa manane. Watu wako mashambani na majembe. Juzi madam anaumwa, niko peke yangu chini ya mkuyu. Nimepiga magoti. Taa nyekundu kipajini. Nanuka mkojo. Vichupa nimevipanga mbele yangu. Juu kichanga kinalia.

"Nani hapo? Unafanya nini?"

Nikasema ukweli. "Nasubiri kinyesi."

Nilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji na kiatu kimoja. Mwenyekiti katoka na shuka. Akauliza kibali, kibali anacho madam. Akauliza madam ni nani, nikasema binti wa chuo. Anasomea nini? Nikasema mavi. Mwenyekiti akamwangalia mkewe. Nikalala bandani na mbuzi. Asubuhi madam akaja na homa yake na barua zenye mihuri, wazee wakazisoma moja moja, wakaomba radhi. Wakamwomba yeye.

Nikajua yameisha. Jana jioni kaja mama mmoja wa ng'ambo ya mfereji. Kanisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kijijini hapa. Kakaa. Kaangalia kushoto, kaangalia kulia. Ng'ombe wake hashiki mimba. Anaomba kichupa kimoja, hata kile kidogo, bei nitaje mwenyewe. Nikamwambia, mama, ile ni mali ya utafiti.

Akafikiri. "Na huo utafiti," akasema, "presha unatibu?"