Mpaka vyuma vijitambue
Mwaka 1998, mjini Bremen, Ujerumani, mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers: ndani ya miaka 25 tutakuwa tumezijua seli za ubongo zinazotufanya tujitambue. Juni 2023, New York, Koch alikiri kushindwa, akalipa kwa mvinyo.

Ungedhani aliyeikosa fahamu kichwani angepunguza eneo la msako. Wapi! Koch ni shabiki wa nadharia ya Giulio Tononi, inayopima fahamu kwa jinsi sehemu za kitu zinavyofungamana, kiwe hai au kisiwe. Mwaka 2014 Scott Aaronson, bingwa wa nadharia ya kompyuta, alipiga hesabu: kwa kipimo hicho, wavu mkubwa wa saketi sahili, usiofanya lolote la maana, utajitambua kuliko binadamu. Tononi hakutahayari. Alikubali! (Mpeni haki yake, wengi wangeikana hesabu.)

Nao wanaosema hata elektroni ina chembe ya hisia? William James aliwabana tangu 1890: vihisia vidogovidogo vinaunganaje vikawa nafsi moja? Bado wanakuna vichwa, kiungo ambacho kwa imani yao si cha lazima.

Kambi ya ubongo nayo isicheke sana. Seli nyingi za ubongo ziko kisogoni, kwenye ubongo mdogo, na kuna waliozaliwa bila sehemu hiyo wakajitambua vizuri tu.

Koch, hata hivyo, ameweka dau jingine la miaka 25. Wauza mvinyo wana kila sababu ya kuipenda falsafa.