Namna ya Kumsimamia Usiyemwona: Mwongozo kwa Mkazi wa Mlangali

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mlangali, wilayani Ludewa, mwenye shamba la viazi na swali moja: Idara ya Usalama wa Taifa inaendeshwa kwa kodi yangu, naisimamiaje? Kazi hii hufanyika mchana, hadharani, na sheria ikiwa mkononi.

Mahitaji

Katiba ya mwaka 1977. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996 pamoja na marekebisho yake ya 2023. Daftari na kalamu. Nauli ya kwenda Ludewa mjini. Na majirani watatu au zaidi. Swali la mtu mmoja hugeuzwa kesi yake. Swali la kijiji huandikwa kwenye muhtasari.

Hatua ya 1: Anza na mgambo

Kila kijiji kina kamati ya ulinzi na usalama, na mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda, unyooshe mkono. Uliza mgambo walimkamata nani, kwa amri ya nani, faini ilikwenda wapi na stakabadhi iko wapi. Kijiji kinachomwogopa mgambo anayejulikana hadi ukoo wake hakitathubutu kumhoji ofisa asiyejulikana hata sura.

Hatua ya 2: Soma kabla ya kuogopa

Sheria ya 1996, kama ilivyotungwa, iliikataza idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu anaandamana kihalali au anapingana na serikali. Kisome kifungu cha 5 kwa sauti. Kisha soma marekebisho ya 2023, yaliyowaongezea maofisa kinga ya kisheria. Hapo utakuwa na swali la maana: ofisa akisema alitenda kwa nia njema, nani nje ya idara anayepima kauli hiyo?

Soma pia Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, lakini sheria inamtaka aandike sababu. Ndugu yako akiwekwa ndani, ulizia maandishi hayo.

Hatua ya 3: Tenganisha siri na kosa

Jina la mtoa habari ni siri. Mbinu ya kumnasa jambazi ni siri. Fedha zilizopotea si siri, wala maiti ya mtu aliyefia mikononi mwa dola. Mwaka 2008, wabunge walipotaka maelezo kuhusu kampuni ya dhahabu ya Meremeta, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliweka suala hilo kando kwa hoja kwamba linahusu jeshi. Ukipewa jibu la aina hiyo, uliza: kama halifai kusemwa hadharani, ni kamati gani ya Bunge iliyoelezwa faraghani, na lini?

Hatua ya 4: Mtume mbunge

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia serikali kwa niaba yako. Ludewa inaijua kazi hiyo. Novemba 2014, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe, makamu wake akiwa mbunge wa Ludewa, hayati Deo Filikunjombe, ilipeleka bungeni ripoti ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu.

Mtake mbunge wa leo awe na ujasiri uleule mbele ya vyombo vya usalama. Wakenya, kwa sheria yao ya 2012, waliweka bodi ya kupokea malalamiko dhidi ya idara yao ya ujasusi. Afrika Kusini ina Inspekta Jenerali wa ujasusi, aliyetajwa ndani ya Katiba. Nasi tunastahili chombo cha namna hiyo, chenye mlango ambao mtu wa Mlangali anaweza kuubisha.

Hatua ya 5: Usikubali jina lipotee

Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa amezingirwa na polisi. Picha za tukio zilichapishwa, wenzake hawakunyamaza, na Julai 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Haki ya mwandishi Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti Novemba 2017, bado inadaiwa. Ya Ally Kibao, kada wa Chadema aliyeshushwa kwenye basi Septemba 2024 na kukutwa ameuawa, inadaiwa pia. Andika majina na tarehe, na uyasome kila mbunge anapofanya ziara.

Tahadhari

Usisambaze nyaraka za siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inaadhibu. Wala usimnyooshee kidole jirani kwamba ni “usalama” kwa kumdhania tu. Utamwumiza asiye na hatia, na haki tunayoidai ni ya wote.

Utajuaje kuwa imefaulu?

Mwaka 1976, watu waliokamatwa katika operesheni mikoani Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi yao wakafa. Mwaka uliofuata, Waziri wa Mambo ya Ndani Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu, na Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, naye akaondoka, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Mwinyi hakumpiga mtu. Aliwajibika kwa yaliyofanywa na waliokuwa chini yake, na mwaka 1985 Watanzania wakampa urais. Nchi haikuanguka, na maofisa waadilifu waliendelea na kazi yao. Kiongozi akikuambia kwamba kuwajibika kutaidhoofisha dola, mtajie Mwinyi, kisha rudia swali lako.