Daktari Wetu Huyo!

Mtoto akipata A katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, ukoo mzima humtawaza daktari jioni hiyohiyo. Wajomba humwonyesha magoti yao, shangazi humwuliza habari za presha. Naye kijana hujiona keshavaa koti jeupe, stethoskopu shingoni, ufunguo wa gari mfukoni.

Haya, asome miaka sita, aapishwe, kisha asubiri nyumbani atangaziwe nafasi ya mwanagenzi. Makubaliano ya 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yalimtengea takriban shilingi 206,000 kwa mwezi; serikali ikapiga hesabu upya, ikaona 70,000 zinamtosha. Ndipo mwaka 2024 madaktari wakagoma siku 56, barabarani na firimbi zao.

Kwa hiyo, mwanangu, kemia na baiolojia pekee hazitoshi. Jizoeze pia kuimba, kubeba bango na kukimbia moshi wa vitoa machozi. Masomo hayo hayatahiniwi, lakini ndiyo yanayotumika. Wala usiwalaumu waheshimiwa kwa kukawia kukulipa. Watajuaje thamani yako, ikiwa wao wakikohoa tu, tiketi ya kwenda India iko tayari?