Barua ya Wazi kwa Jumba la Nyayo: Uraia Huombwa Msimu Gani?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Huduma za Uhamiaji,
Jumba la Nyayo, Nairobi.

KUH: OMBI LA KALENDA YA KUOMBA URAIA

Kijiji cha Buyangu, kilicho ukingoni mwa msitu wa Kakamega upande wa kaskazini, kinaisalimu Idara na kuipongeza kwa subira yake. Hakijaja na malalamiko. Kina swali dogo tu la majira: mgeni anayetaka kuwa Mkenya apeleke fomu mwezi gani, wa mwaka gani, chini ya Rais yupi?

Swali hili limezaliwa langoni. Mgeni akifika lango la hifadhi la Buyangu, mlinzi wa Shirika la Wanyamapori (KWS) humtazama, akatazama na kitambulisho chake, akajua papo hapo kama ni raia, mkazi au mtu wa kuja, maana kila mmoja ana bei yake. Buyangu ilidhani Serikali ni moja, na kwamba ujuzi wa mlinzi huyo ungeweza kupakiwa kwenye basi la usiku ukafika Nairobi asubuhi.

Wala si kwamba kasi haijawahi kuwepo. Aprili 1, 1902, Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, Kakamega ikiwemo, wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wazee wa hapa walilala Uganda wakaamka upande wa pili, bila fomu, bila picha, bila alama za vidole. Msitu nao haukuhojiwa, ingawa wataalamu wanasema ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya Kongo. Kasuku wa kijivu wachache mno waliosalia humo wangeweza hata kufaulu mtihani wa lugha, kwa kuwa kifungu cha 13 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinamtaka mwombaji aelewe na kusema Kiswahili au lugha ya kienyeji.

Sasa aje binadamu. Tuseme ni mama aliyeolewa Buyangu kutoka Mbale ya Uganda mwaka 2008. Ni wa kubuni, asije akaitwa kuhojiwa. Ng'ombe wa mahari walivuka mpaka kwenda kwao, naye akavuka kuja huku. Wakati ule Katiba ya zamani ilimpa mke wa Mkenya haki ya kuandikishwa bila kuhesabiwa miaka (mume wa Mkenya hakupewa kitu). Mama hakuwa na haraka. Palikuwa na mahindi ya kupalilia. Agosti 27, 2010 ikaja Katiba mpya, ikaleta usawa: mke na mume, wote wangoje miaka saba.

Akangoja. Mwaka 2015 saba zikatimia, akaambiwa alete cheti cha ndoa. Ndoa za kimila zilianza kusajiliwa rasmi Agosti 2017. Je, miaka yake ihesabiwe tangu ng'ombe walipovuka au tangu karatasi ilipotoka? Barua hii haithubutu kujibu, na ng'ombe hawawezi kutoa ushahidi, walikwishaliwa. Lakini sheria ina huruma zake. Kifungu cha 12 cha Sheria ileile ya 2011 kimemkumbuka mjane: mume akifariki kabla ya miaka saba kutimia, hesabu inaendelea kana kwamba angali hai. Buyangu haijui ofisi nyingine ambamo marehemu anaruhusiwa kuendelea na ndoa.

Jirani yake, fundi seremala wa kubuni vilevile, anaomba kwa njia ya ukaazi. Yeye anatakiwa awe ameishi nchini kihalali miaka saba mfululizo, na miezi 12 ya mwisho yote awe mkazi wa humu. Kwa hiyo amewaandikia jamaa zake wa Mbale akiwasihi mwaka huo asife mtu. Kuhusu neno "kihalali", ana fumbo: kibali chake kikiisha Machi, akaomba kingine mapema, nacho kikatoka Agosti, ile miezi ya katikati ni ya nani? Ofisi iliyochelewesha kibali ndiyo hiyohiyo itakayohesabu pengo.

Akingoja ada zishuke, hilo nalo ni bahati nasibu, kama ada ya kitambulisho inavyoonyesha. Novemba 2023 kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kilitangazwa kuwa shilingi 1,000. Kesi zikafunguliwa, 2024 kikawa 300, 2025 kikarudi bure. Aliyelala miaka miwili hakukosa chochote.

Hapa ndipo Buyangu inapoomba Idara iangalie saa yake. Kifungu cha 15 cha Katiba hakisemi kwamba mke au mume wa Mkenya atafikiriwa. Kinasema ana haki ya kuandikishwa akiomba. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa haraka na ofisi za umma. Mwombaji akikosea siku moja katika miaka yake saba, faili linarudi. Ofisi ikichelewa, hakuna kinachorudi popote.

Matokeo yake watu wamejifunza kalenda nyingine. Sheria ya 2011 iliwafungulia wasio na utaifa dirisha la miaka mitano. Likafika mwisho Agosti 2016, likaongezwa miaka mitatu, likafungwa tena 2019. Wamakonde, jamii mojawapo ya hao wasio na utaifa, hawakulitegemea dirisha. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, polisi wakawazuia njiani, hatimaye wakafika Ikulu. Februari 2017 wakapewa vitambulisho, na Agosti ya mwaka huo ukaja uchaguzi mkuu. Washona, ambao wazee wao walikuja kuhubiri Injili kutoka nchi iitwayo Zimbabwe leo, walisubiri hadi Sikukuu ya Jamhuri ya 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza uraia kwa watu 1,670 miongoni mwao. Wapemba wa Pwani wakaupata 2023 kwa Rais William Ruto. Furaha yao ilikuwa ya haki kabisa. Ila hakuna aliyeipata kwa kupanga foleni.

Kwa hiyo Buyangu inaomba kitu kimoja: risiti ya ombi la uraia iwe na tarehe mbili, ya kupokelewa na ya kujibiwa, na tarehe ya pili ikipita bila jibu, mwombaji ahesabiwe amekubaliwa. Ikiwa hilo ni zito, basi Idara ieleze wazi utaratibu wa kutembea. Kutoka Buyangu hadi Nairobi ni karibu kilomita 400. Mama wa Mbale angependa kujua kama apitie Kisumu au Kapsabet, na kama polisi watamzuia Nakuru au watamwacha afike Naivasha kwanza.

Nakala kwa: mlinzi wa lango, Buyangu.