Waraka kutoka Marekani: Meza ya Mizimu na Kinywaji Chake

Halowini ni sikukuu inayoadhimishwa nchini Marekani usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na asili yake hutafutwa katika Samhain, sherehe ya kale ya Wakelti wa Ireland iliyofunga msimu wa mavuno na kuukaribisha upande wa giza wa mwaka, wakati ambapo iliaminika kwamba mizimu huwatembelea walio hai. Ndugu walioko Tanga, Unguja na Mombasa, ambao wamekwisha kusimuliwa kwamba watoto wa huku hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, huenda wakadhani kwamba jambo lenyewe linaishia hapo. Haliishii hapo. Watu wazima nao hualikana karamu, na waraka huu unahusu meza wanayoiandaa, kwa kuwa ndiyo sehemu ya mila hii inayomtatiza zaidi mtu wa Pwani.

Kanuni ya kwanza ya meza hiyo ni kwamba nyumba safi sharti ifanywe ionekane imehamwa. Utando wa buibui, ambao Pwani hufagiliwa kwa fagio la mti mrefu kabla mgeni hajapiga hodi, huku huuzwa dukani ndani ya mifuko, ukiwa umetengenezwa kwa nyuzi za poliesta, na buibui wa plastiki wamo humo humo. Mwenye nyumba huuvuta kwa subira mpaka uwe mwembamba kabisa, kwani ukibaki mnene hufanana na pamba ya zahanati na haumtishi mtu. Juu ya kitambaa cheusi hutandazwa shashi nyeupe iliyochanwachanwa pembezoni, ambayo Mswahili hawezi kuitazama bila kuikumbuka sanda, kisha hupangwa mafuvu ya plastiki na mishumaa myeupe iliyodondoshewa nta nyekundu ili ionekane inavuja damu. Ieleweke kwamba umeme upo. Mishumaa huwashwa kwa hiari.

Katikati ya meza hukaa boga. Waairishi walizoea kuchonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mizizi iliyo ngumu kuchimbika, na wahamiaji wao, waliomiminika Marekani baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, wakakuta huku boga, zao la asili ya bara la Amerika, lililo kubwa na jepesi zaidi kwa kisu. Hukatwa kifuniko, likakombwa mbegu na nyama, likatobolewa macho na meno, kisha likatiwa mshumaa ndani. Nyama yake aghalabu hutupwa, habari ambayo si vyema kuisoma kwa sauti mbele ya wazee waliozoea kufuturu kwa boga la nazi. Wahenga walioagiza kwamba apendaye boga apende na ua lake hawakumfikiria mtu anayependa ganda peke yake.

Kuhusu vya kutiwa kinywani, tunda la lichi, ambalo ni la ukoo mmoja na shokishoki la Unguja, humenywa na kutolewa kokwa, na nafasi ya kokwa hujazwa zabibu ndogo nyeusi, likawa jicho linaloelea katika glasi na kumkodolea mnywaji. Bakuli la sharubati ya komamanga nalo hutiwa mkono wa barafu, unaopatikana kwa kujaza maji katika glavu ya mpira iliyooshwa vizuri na isiyo na unga, kuyagandisha, kisha kuichana glavu. Vidole hukatika mapema, na mabingwa wa meza hizi huona kwamba ndipo sharubati inapopendeza.

Kokteli, yaani mchanganyiko wa pombe kali na vinywaji vingine, huchaguliwa kwa jina kuliko kwa ladha. Iitwayo Mfufua Maiti Namba Mbili ilichapishwa mwaka 1930 katika kitabu cha Harry Craddock, mtayarishaji wa vinywaji katika hoteli ya Savoy mjini London, nayo ni gin, maji ya limau, likeri ya machungwa na divai nyeupe yenye gome la mkwinini kwa vipimo sawa, pamoja na tone la absinthe, pombe kali ya mitishamba. Craddock mwenyewe alitahadharisha kwamba glasi nne za kufuatana upesi humrudisha maiti alikokuwa. Wasiokunywa pombe hawakusahauliwa. Maji ya toniki, ambayo ni soda chungu yenye kwinini, yakitiwa limau na kuwekwa chini ya taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, hung'aa rangi ya buluu kama ya shetani, kwa sababu kwinini hupokea mwanga huo na kuurudisha ukionekana. Sheria ya Marekani huruhusu sehemu zisizozidi 83 za kwinini katika kila sehemu milioni za kinywaji, kiasi kisichomtibu mtu malaria wala kumvumisha masikio, na wageni huinywa dawa hiyo bila kuugua na bila kulazimishwa na mama.

Moshi unaotambaa mezani hutokana na barafu kavu, yaani hewa ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa kwenye baridi ya nyuzi zipatazo 78 chini ya sifuri, ambayo haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka hewa moja kwa moja na kuufanya unyevu uliomo hewani kuwa ukungu mzito. Haishikwi kwa mkono mtupu wala haitumbukizwi katika glasi ya mtu, kwani kipande kikimezwa huunguza utumbo. Huwekwa katika chombo cha nje, na cha kunywea kikakaa ndani yake. Aidha, kwa kuwa hewa hiyo huisukuma oksijeni nje ya chumba, madirisha hayana budi kuachwa wazi, katika usiku wa baridi wa mwisho wa Oktoba, hivyo wageni walioalikwa ili waogope mizimu hutetemeka kweli kweli, na mwenye nyumba huzipokea sifa zote.